Nyinyi Watu wa Kwari Hamkuwa Mnaaga

Baba,

Nyasi za huku Kitengela zimekauka kabisa, na upepo wa mchana umeanza ule mchezo wake wa kugeuka ghafla. Ungekuwa hai, saa hii ungekuwa umesimama nje ya mlango umekunja uso, unanusa hewa, na Mama angekuwa ndani akikutazama mgongo, akijua chai aliyokumiminia itapoa. Mwaka unakaribia kwisha tangu tukuzike. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, ingawa sijui huko uliko nani angekuletea umbea.

Kwanza habari za hapa. Kwari, yale machimbo ulimokuwa ukichonga mawe, imesogea mbele, na lile shimo la zamani limejaa maji. Nyumba za mawe zimeota kila upande. Ulikuwa ukituambia kwamba ulipofika kutoka Ukambani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kando ya barabara ya Namanga kulikuwa na maduka machache tu na swala wakipita nyuma yake. Hassan mwenye duka bado anawasimulia wateja ile siku duka lake liliposhika moto. Uliingia umejifunika gunia lililolowa, watu wakidhani umefuata kitu cha maana, ukatoka umekumbatia mizani. "Sukari yote imeungua, sasa mimi nitapima nini?" alikuuliza. Ukamjibu, "Utapima kesho." Anacheka mpaka leo, na akimaliza kucheka anapangusa macho.

Nami nacheka nikiandika. Wewe uliyezima moto wa kila mtu hukuweza kuwasha jiko. Nyumba ilijaa moshi, Mama akakufukuza na mwiko wa ugali mkononi. Nimeyakumbuka hayo mwaka huu zaidi kuliko mambo makubwa.

Kikundi chenu cha kuzima moto hakikuwa na gari wala kofia za chuma. Mlikuwa wachonga mawe na wafugaji, na silaha zenu ni magunia yenye maji, matawi mabichi na filimbi moja. Filimbi ikilia, nyundo zinaanguka chini. Jumapili baada ya kanisa ulinipeleka nyikani, ukachota vumbi ukalirusha juu, ukaniambia nisiangalie vumbi la kwanza kudondoka, niangalie lile linalochelewa, kwa sababu hilo ndilo linalojua upepo unakoelekea. Nilidhani unanichezesha tu. Kumbe ulikuwa unafundisha.

Lakini mlikuwa na mwiko mwingine, nyinyi watu wa kwari, na huo sikuupenda hata siku moja. Mtu haagi. Akishuka shimoni haagi, akienda motoni haagi, kwa sababu mliamini anayeaga anajiita kaburini. Kwa hivyo filimbi ikilia uliinuka tu. Ugali nusu, sukuma wiki nusu, kiti kimesukumwa nyuma. Tulijua umeenda kwa sababu hupo. Mama alifunika sahani yako kwa sahani nyingine, akaanza kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Halafu kikaja kile kikohozi. Daktari kule Kajiado alisema ni vumbi la mawe, au ni moshi, au ni vyote viwili, hakuweza kutenganisha. Mama alitenganisha. Mawe yalitulisha na kunisomesha, hawezi kuyalaumu, kwa hivyo analaumu moshi. Na asubuhi ile gari lilipokuja kukupeleka hospitali, Mama aliingia ndani kutafuta leso yake. Wewe ukamwambia dereva, "Twende." Nilikuwa kando yako, nikakuambia tumngoje, ukatazama dirishani kana kwamba kuna moshi unaukimbilia. Alitufuata kwa gari lingine. Alipofika ulikuwa umeshatutoka.

Tangu siku hiyo hakulitaja jina lako. Tulipokuzika nyumbani Ukambani alisimama kaburini kama mgeni, hakulia, na watu wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu. Mimi nilijua ile ni hasira. Nilikuwa nayo pia, Baba. Nilikupenda na nilikukasirikia, na sikujua niweke wapi hayo mawili.

Mwezi uliopita alikuja rafiki yako Ole Sankale, yule mfugaji uliyekuwa ukipigana na moto pamoja naye. "Sopa, Mama Mwende," alisalimia kwa Kimaasai, na Mama akaitikia "Ipa" akampa kiti. Alisema kikundi kimebaki na watu wachache. Kisha akanigeukia. "Mwende, baba yako alikufunza upepo ya hapa. Sisi tuko na magunia. Hatuna mtu wa kuona upepo." Mama aliinuka akatoka nje, na chai ya mgeni ikabaki bila sukari. Nikamletea Ole Sankale sukari. Ningekubali vipi, na Mama ameshampoteza mtu mmoja kwa filimbi hiyo?

Jumanne iliyopita filimbi ikalia, mchana. Moshi ulikuwa upande wa boma la Ole Sankale. Nilikuwa nafua nguo. Niliinuka kama wewe, povu mikononi, nikafika langoni, na hapo nikaikumbuka sahani yako iliyofunikwa. Nikarudi. Mama alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Mama, naenda motoni. Kwaheri."

Nimevunja mwiko wenu, na siombi msamaha.

Hakuinua macho. Nilidhani atanikataza, na angenikataza nisingeenda. Filimbi ikalia tena. Akaweka ungo chini, akachukua kitambaa akanifunga kichwani, akakikaza mpaka kikaniumiza. "Haya. Enda, urudi."

Tuliuwahi moto kwa mbele, Baba. Tulichoma mstari wa nyasi ili moto ukose chakula, na upepo ulipotaka kutugeukia niliuona mapema, nikapaza sauti, wote wakarudi nyuma. Mbuzi wa Ole Sankale wako salama. Zizi moja limeungua, analalamika kama kawaida yake.

Niliporudi nilimkuta Mama barabarani, amesimama ananingoja. Wewe hakuwahi kukungoja hivyo, angekungojaje na hakujua umetoka? Alinitazama juu mpaka chini, akanishika bega, akaninusa. "Unanuka kama Mutua," alisema. Jina lako, Baba, baada ya kimya chote kile. Kisha akalia pale pale barabarani, pikipiki zikitupita, na mimi nikamshikilia mpaka akamaliza.

Kwa hivyo hii ndiyo ahadi yangu. Filimbi ikilia nitaenda, kwa sababu ulinifundisha na kwa sababu nyasi ni hizo hizo. Lakini sitatoka nyumba hii kimya, hata watu wa kwari waninunie. Na Desemba tutakuja kaburini kwako, mimi na Mama. Amesema mwenyewe, sikumwomba.

Kwaheri, Baba. Hiyo ni yangu mimi, Mwende. Nilimwambia Mama naweza kuandika na yake hapa chini, akakataa. Anasema yake atakuja kukuambia mwenyewe.