Mlango Unaotazama Upande wa Pili

Kiwira,
15 Aprili 2025

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Kwa kawaida ningeandika kwamba natumaini u mzima wa afya. Leo nimeshukuru kusikia tu kwamba u hai. Mimi na mjukuu wako Lusungu hatujambo.

Jana watu sokoni walikuwa wanasema mlima umeshuka Matwebe. Nilipiga simu yako mara kumi na saba. Sikutaka kuongea, najua mipaka yangu, nilitaka tu nisikie inaita. Haikuita. Leo asubuhi rafiki yako Zuber amepita gengeni kwangu na gari lake la parachichi, akaniambia wewe umepona, ila nyumba haipo, shamba halipo. Nilikaa juu ya gunia la mkaa nikalia mpaka wateja wakajipakulia wenyewe.

Baba, njoo ukae kwangu. Nimepanga vyumba viwili, wewe utachukua cha ndani. Najua mila yetu: baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawaongei, hawalali chini ya paa moja. Tangu Prosper anioe ni miaka kumi na moja na nimeishika. Lakini mila hiyo ilipangwa na watu waliokuwa na nyumba.

Zuber atakuletea blanketi, mchele na barua hii.

Mkamwana wako,
Tulinagwe

*

Matwebe, stoo ya kanisa,
17 Aprili 2025

Mkamwana wangu Tulinagwe,

Marahaba. Ndaga fijo, ahsante sana, kwa blanketi na mchele. Afya yangu ni njema ukiondoa kikohozi, nacho tumezoeana.

Ngoja nikueleze nilichokiona, maana nisipokiandika nitaanza kudhani niliota. Jumapili ya Matawi nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kufagia kanisa. Haikuwa zamu yangu, ilikuwa ya Hezron, mzee mwenzangu wa kanisa, lakini Hezron akifagia huacha pembe zote. Nikiwa uani na ufagio nikasikia ngurumo ya chini sana, ikaanzia kwenye nyayo ndipo ikaja masikioni. Nikatazama ng'ambo ya bonde. Shamba langu lilikuwa linatembea. Migomba ilikuwa inashuka ikiwa imesimama wima, mstari kwa mstari, majani yanatikisika taratibu, na nyumba iko katikati, mlango umefungwa kama nilivyouacha. Vilikwenda hivyo bila haraka mpaka ukingoni mwa mto, ndipo vyote vikalala.

Sikulia. Nilivua kofia. Nina miaka sabini na nne na sikuwahi kuona mkono wa Mungu ukigusa ardhi karibu nami kiasi kile.

Sasa nalala stoo ya kanisa, kati ya ngoma za kwaya na mabenchi mabovu. Kwa miaka thelathini nimewaombea wasio na makao kila Jumapili, kwa sentensi moja, nikiwahi kufika kwenye sadaka. Leo ndiyo najua sentensi ile ilikuwa fupi. Wanakwaya wananiletea chakula bila kupanga zamu, kwa hiyo juzi nimepata ndizi za maharage mara tatu na zote nimekula, nisije nikamkwaza mtu. Zuber ameleta godoro. Alilibeba kichwani kutoka barabarani kwenye matope, huku akinung'unika kwamba Wakristo wanajenga makanisa mahali ambapo hata mbuzi angeomba msaada.

Kuja kwako siwezi. Vyumba viwili, mlango mmoja. Nikitaka kutoka nitakohoa ili ujifiche, nawe utakimbilia wapi? Zuber anasema mimi ndiye mzee pekee Rungwe nzima anayemkimbia mwanamke asiyefikia uzito wa tenga la parachichi. Mwache aseme.

Baba mkwe wako

*

Kiwira,
2 Mei 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Habari za kikohozi? Zuber anasema hakijaisha na stoo inavuja. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Leo naituma kabla sijapata akili ya kuichana tena.

Wazee wengine siku hizi wanakaa na wakamwana zao. Wanaongea, wanakula pamoja, na hakuna radi iliyowapiga. Wewe ndiye umekataa. Kwa hiyo najiuliza kama ni mila kweli au ni mimi. Siku tuliyomzika Prosper, miaka minne iliyopita, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Ukanigeuzia mgongo, ukabaki hivyo mpaka kaburi likajaa. Sikutegemea unitazame. Lakini kuna watu wa kutumwa, Baba. Mtu angeweza kuniletea neno lako, hata moja. Halikuja siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule.

Kama unaona sikumuuguza mwanao vizuri, niambie. Nitaumia, lakini nitajua. Kinachonichosha ni kuandika kwa mtu ambaye sijui kama ananichukia.

Tulinagwe

*

Matwebe,
25 Mei 2025

Mkamwana wangu,

Salamu katika Bwana. Nimechelewa kujibu. Nilitaka kusema ni mvua, lakini mvua ilikwisha wiki mbili zilizopita.

Siku ile kaburini machozi yalikuwa yananitoka, na katika watu wote waliosimama pale ni wewe tu uliyekuwa unajua nimepoteza nini. Nilijua nikibaki nimeelekea kwako nitakutazama. Nikageuka, nikatazama mgomba wa jirani mpaka mwisho. Haikuwa hasira hata kidogo.

Waliomuogesha Prosper waliniambia kwamba mwili wake haukuwa na kidonda. Miezi saba kitandani na ngozi safi kama ya mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amenieleza kwamba ulikuwa unamgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nilipaswa kukutumia mtu aje akuambie ahsante. Kila nilipotafuta neno niliona dogo, nikangoja kubwa, na miaka minne ikapita. Nisamehe. Umemuuguza mwanangu kuliko ambavyo mimi baba yake ningeweza.

Sasa habari za hapa. Mwezi wa sita stoo itahitajika kwa mahindi ya sadaka ya mavuno. Hakuna aliyeniambia nitoke, Hezron anazunguka tu mlangoni akiangalia dari. Wenye nyumba wamenikaribisha wote, lakini nyumba zenyewe zimejaa watoto, na mimi nakohoa. Baridi imeanza. Sijui nitakwenda wapi, na nashangaa kwamba moyo wangu umetulia.

Kwako bado siwezi. Hiyo heshima ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho mlima haukukichukua. Usiniombe nikivunje kwa mkono wangu.

Baba mkwe wako

*

Kiwira,
10 Juni 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Nimekusamehe, nami unisamehe kwa maneno yangu.

Kuna jambo nimefanya. Nilimsomea barua yako mama mwenye nyumba wangu, Bi Mwanabibi, yule muuza vitenge. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: mzee anakataa mtu, au anakataa paa na mlango? Nikasema paa na mlango. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, mahali anapofuga bata, akapima kwa hatua. Akarudi akasema, "Bata watahama. Ajengewe paa lake na mlango wake utazame upande wa pili. Ukuta hauna macho."

Nilimwambia sina uwezo wa kumlipa kiwanja. Akaniuliza nani ametaja malipo, halafu akakasirika mpaka jioni.

Zuber na Mzee Hezron wameshakubaliana, usijaribu kuwapinga, utachoka bure. Jumamosi tarehe 21 Zuber atakuja kukuchukua. Mwenyewe sitakuwepo uani, nitakuwa gengeni napika kwa ajili ya watu.

Mkamwana wako,
Tulinagwe

*

Kiwira, nyuma ya ukuta wako,
23 Juni 2025

Mkamwana wangu,

Amani iwe kwako. Mimi ni mzima, na barua hii Bi Mwanabibi atakupa akirudisha sahani.

Nimeona mambo mawili makubwa mwaka huu. La kwanza ni lile la Jumapili ya Matawi. La pili ni la juzi, na ukiniuliza lipi limenitetemesha zaidi nitasema la pili.

Nilipofika nilikuta lori la watu wa Matwebe. Walikuwa wamechimba matope kule mtoni wiki nzima bila kunidokeza, wakatoa mabati yangu, wakayaosha na kuyanyoosha kwa nyundo. Vijana wa msikitini walikuwa wamejipanga kutoka barabarani mpaka uani, wanapokezana matofali mkono kwa mkono. Esnath wa kwaya na wenzake wanakanda udongo. Nilianza kuhesabu watu, nilipofika mia na kitu nikaacha, nikaona ni kama kumkagua Mungu. Adhuhuri nusu yao waliweka koleo chini wakaenda kuswali. Nusu iliyobaki ilikaa kimya, hata kwaya, mpaka wenzao waliporudi. Hakuna aliyewaagiza. Jioni Hezron aliomba, sala ndefu kama kawaida yake, na aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni Zuber, nadhani ili imalizike.

Mimi nilisimama tu. Walinipa nyundo nipige msumari mmoja, nikaupinda.

Mlango wangu unatazama Mlima Rungwe, wako unatazama barabara. Nasikia Lusungu akisoma hesabu zake kupitia ukutani. Na jana nilikusikia ukicheka. Nilikuwa sijawahi.

Baba mkwe wako

*

Tukuyu, benchi la nje ya wodi,
18 Julai 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Nauguza hofu tu, mwili hauna neno. Zuber ameniambia umeamka na umeomba chai. Sifa kwa Mungu.

Sijui kama unakumbuka, kwa hiyo naungama mwenyewe. Jumanne Bi Mwanabibi alikuwa amekwenda msibani, hakukuwa na mtu wa kukupelekea uji. Nilikuwa nasikia kikohozi chako tangu alfajiri. Halafu kikakoma, nikasikia kishindo. Niligonga ukuta. Niliita "Baba" mara tatu, kwa sauti yangu, na ukuta mzima ukawa kimya. Nikazunguka nyumba nikaingia.

Ulikuwa sakafuni, unawaka homa. Nilikuinua, nikakilaza kichwa chako mapajani mwangu, nikakupa maji kwa kijiko mpaka Zuber akaleta gari. Nilikutazama usoni, Baba, muda wote ule. Na wewe ulifumbua macho.

Daktari anasema ni nimonia na kwamba ungechelewa kidogo tu tungekukosa. Nimefurahi, na nimeona aibu, na sijui nianze na lipi. Ulisema nisikuombe uvunje heshima yako, nami nimekuvunjia bila kukuomba. Siku nne nakaa hapa nje, chakula anakuingizia Bi Mwanabibi. Kama utataka nihame ile nyumba nitahama, chumba kibaki chako.

Tulinagwe

*

Tukuyu, ndani ya wodi,
19 Julai 2025

Tulinagwe,

Marahaba, na marahaba ya miaka yote ambayo hukuniamkia. Naendelea vizuri, naandika nikiwa nimelala, vumilia mwandiko.

Nakumbuka. Miaka kumi na moja nilikuwa najua kandambili zako, upindo wa kitenge chako na mgongo wako ukipotelea migombani. Jumanne nilifumbua macho nikaona uso. Una mwanya. Una kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, sijui ulilipata wapi. Nilitazama nikasema moyoni, kumbe huyu ndiye mwanangu alikuwa akiamka kila asubuhi akimwona, na mimi nilijinyima.

Nilikuambia heshima ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho. Nilikosea hesabu. Nilibakiwa na wewe, na nilikuwa nakuweka nje.

Hukuvunja kitu. Mimi ndiye mkubwa, ni juu yangu kuifungua mila hii, na leo naifungua mbele ya Zuber na Hezron, ambao wamekaa kitandani kwangu wakinibana miguu. Hezron ameinamisha kichwa. Zuber anajifanya vumbi limemwingia machoni.

Anangoja nimalize ili akuletee. Nimepima kwa macho, ni hatua arobaini hivi kutoka kitanda changu mpaka benchi lako, na hii ni barua ya mwisho nitakayokuandikia. Yaliyobaki yote nataka kuyasikia kwa mdomo wako.

Ingia, mwanangu. Ingia umeinua uso.

Baba yako