Siku Mto Ulipopungua Mvua Ikinyesha

Bugoye, Kasese

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limepoa kidogo. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mama, kwenye simu nilikuambia mto ulifurika na mimi nikaokoa watu. Ukafurahi, ukatangaza kanisani. Si kweli. Tangu siku ile nikiona unapiga naiacha simu iite, kwa aibu.

Ilikuwa hivi. Unajua kazi yangu huku Uganda ni kupima kimo cha mto Mubuku kwenye ubao wa namba. Anayetupikia na kutufulia, mimi na vibarua wa kituo, ni Biira, mama wa Kikonzo, mzaliwa wa Bwera, mpakani na Kongo. Siku hiyo mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri, lakini kufika saa nne maji yakaanza kupungua, mpaka mawe ya katikati yakatokeza. Nikamwona Biira anapanda kutoka mtoni na beseni kichwani, nguo bado zina povu, mbuzi wake wakimtangulia bila kuswagwa.

"Injinia, mto ikipunguka na mvua iko, sisi hatubaki," akaniambia. "Mwenye mulima iko nakunywa. Ikishiba, inatapika yote." Bibi yake ndiye aliyemfundisha hivyo, kwamba mlima una mzimu wake.

Nilicheka, Mama. Nilicheka mbele ya vibarua, nao wakacheka. Nikamwonyesha ubao: "Namba zinashuka, mama. Mlima hauna tumbo. Rudi umalizie nguo." Na hizo nguo zilikuwa zangu. Akatazama chini kidogo, akarudi. Mbuzi walikataa kumfuata.

Robo saa haikupita. Kumbe huko juu udongo ulikuwa umeporomoka ukaziba mto, maji yakajaa nyuma yake. Ndiyo maana huku kwetu yalipungua. Kizuizi kilipopasuka, yakashuka yote kwa pamoja, na magogo. Mambo hayo nilifundishwa chuoni, na kwenye mtihani niliyajibu vizuri. Bibi yake Biira aliyajua bila daftari, ila yeye aliyaita kwa jina lingine. Nilipiga kelele, ndiyo, lakini huku nakimbia. Vibarua walewale ndio waliomtoa Biira kwenye matope, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Daktari anasema hautanyooka tena.

Ilinichukua wiki tatu kupata uso wa kwenda kumwona hospitali. Nilimpelekea sukari na sabuni, nikaanza kujieleza kwamba ubao hauonyeshi yanayotokea juu. Akanikatiza kwa upole.

"Mimi nilijua maji itakuja," akasema. "Ila mulicheka wote. Nikasikia haya."

Nilikaa hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha, nikaondoka.

Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, shangazi wa mashine ya kusaga, na dada pamoja na wanawe. Na Jumapili, Mama, waambie watu wa kanisani kwamba mwanao hakuokoa mtu. Ukishindwa kusimama, usijilazimishe. Nikija likizo nitasimama mwenyewe.

Ni mimi mwanao, niliyecheka,
Elia