Mtoto wa Kiti cha Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, kaskazini mwa Jiji la Mexico
Jina: Crisóforo Aldana Oliva
Umri: Miaka 52
Dini: Mkatoliki
Kazi: Dereva na mwongoza watalii
Makazi: San Martín de las Pirámides

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu na nitaisema.

Kazi yangu ni kuwatembeza watu kwa siku moja, kwenye piramidi na kwenye kanisa kuu la Bikira wa Guadalupe. Siku za kawaida naanza na kanisa. Tarehe 2 Februari nageuza safari, kwa sababu ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, na asubuhi yake kanisani hapapitiki. Kila nyumba inaitoa sanamu yake ya Mtoto Yesu iliyokaa pangoni tangu Krismasi, inaivika nguo mpya na kuipeleka ikabarikiwe. Watu huibeba kifuani, ndani ya blanketi, kama mtoto mchanga hasa. Wengine huibembeleza njia nzima. Hakuna anayeshangaa, hata mimi ya mama yangu nimeibeba hivyo hivyo.

Mnamo tarehe 2 Februari, yaani leo, saa mbili asubuhi, nilipakia abiria tisa nje ya kituo cha treni. Wa mwisho kupanda alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, peke yake. Alisema anaitwa Remedios. Hakuwa ameweka nafasi. Alikumbatia blanketi jeupe la kufuma, na sehemu ya uso ilifunikwa kwa kitambaa cha lesi. Nilimwambia kwa Bikira tutafika mchana, baada ya piramidi.

Akanijibu, "Hata usiku sawa, kaka. Wewe ondoa gari tu."

Nilidhani ni mtu mwenye nadhiri. Nikampa kiti cha nyuma, pembeni ya Bibi Eduviges, mama mmoja wa Tlaxcala ambaye husafiri nami kila mwaka. Yeye sanamu yake ilikuwa imevikwa koti jeupe na miwani.

"Wangu mwaka huu nimemfanya daktari," Bibi Eduviges alimwambia. "Labda atalikumbuka goti langu. Wako amevaa nini?"

"Mfalme."

"Hebu tumwone huyo mfalme."

"Mpaka abarikiwe, bibi. Ndivyo nilivyoahidi."

"Haya, mfalme mwenye haya! Ubaki naye."

Gari zima tulicheka. Na mimi, kwa mdomo wangu usio na breki, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba watoto wa aina hii ndio ninaowapenda, hawalii, hawatapiki, wala hawaulizi tutafika lini. Remedios alicheka kuliko wote.

Kabla ya kufika lango la kulipia barabara tulikuta polisi wamesimamisha magari. Askari mmoja, bado kijana, alichungulia dirishani kwangu akauliza, "Kuna mtoto mchanga humu?"

Nikamjibu kwa mbwembwe, "Wapo wawili, afande, na wote baba yao ni Mungu."

Bibi Eduviges akamnyanyua daktari wake aonekane. Yule kijana akatabasamu, akafanya ishara ya msalaba, akatupungia tupite. Sikumuuliza wanamtafuta mtoto gani. Nilikuwa nawaza foleni.

Tulifika kwenye piramidi kama saa tatu na nusu. Remedios alikataa kushuka, akasema miguu imemvimba. Nilimwachia madirisha wazi kidogo na kuwapeleka wengine kwenye Piramidi ya Jua. Jua lenyewe lilikuwa kali, mpaka mawe yalikuwa yanachoma kiganja. Katikati ya matembezi nilirudi garini kumpelekea tamale, ule mkate wa mahindi unaopikwa ndani ya majani, na kikombe cha uji wa mahindi. Alipokea tamale, akaniomba uji niubadilishe na maziwa. Nikamletea maziwa. Kwenye kiti niliona kichupa cha dawa ya kikohozi, nikamwambia pole na kikohozi. Akakohoa. Naapa, afande, alikohoa vizuri kabisa, nikamwamini.

Saa saba mchana tulishuka kwenye uwanja wa kanisa. Watu walijaa ukuta hadi ukuta, na sanamu zao zimevaa kila kitu, maaskofu, malaika, hadi mchezaji mpira mwenye viatu vya njumu. Padre alikuwa anapita na ndoo ya maji ya baraka na kifungu cha matawi. Huyu hakuwa padre wa matone mawili matatu. Alikuwa anachovya matawi na kuyapiga hewani kwa nguvu, na watu walirudi nyumbani wamelowa mabega. Alipotukaribia kila mtu aliinua mtoto wake juu. Remedios alikuwa mbele yangu, mkono wangu ungemfikia. Alitoa ile lesi na kuinua blanketi.

Maji yakampiga mtoto usoni, na mtoto akalia.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Waliokuwa karibu wote waligeuka kumtazama. Halafu mwanamume mmoja akapiga ukelele, "Amelia! Mtoto Yesu amelia!" Watu wakaanguka magotini. Wa nyuma wakasukuma ili wafike, na rozari zao, na picha za wagonjwa wao, kila mtu anataka kumgusa. Mama mmoja alikuwa analivuta blanketi huku analia na kumwita Bwana wangu, Bwana wangu.

Mimi mwenyewe nilipiga goti. Naomba liandikwe. Nilikuwa na mwanamke huyo tangu asubuhi, nimemletea maziwa kwa mkono wangu, na bado nilipiga goti na kuanza kusali.

Bibi Eduviges hakupiga, goti lake haliruhusu. Alinipiga kofi la kisogo.

"Inuka, mpumbavu wewe! Muujiza gani unaonuka mkojo? Huyo ni mtoto wa mtu, watamkanyaga!"

Alimwachia daktari wake aanguke. Sanamu ile aliirithi kwa marehemu mama yake. Ilivunjika chini na watu wakapita juu ya vipande. Kwa mikono yote miwili alimnyakua yule mtoto. Mimi nilisimama nikatanua mikono, nikawa ukuta, nikapigwa viwiko ambavyo alama zake mmeziona. Mtoto alikuwa amepauka, midomo ina rangi mbaya. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa na utepe wa hospitali, umeandikwa, "Mtoto wa Yaretzi."

Remedios hakujaribu kukimbia. Alikuwa anatabasamu, maji yanamtiririka usoni.

"Mmeona wote," alituambia. "Bikira amekubali. Amebarikiwa mikononi mwangu. Sasa ni wangu."

Bibi Eduviges akapaza sauti kwamba mtoto ameibwa. Wale wale waliokuwa magotini ndio walioinua ngumi. Walinzi wa uwanja walimtoa Remedios kwa shida, kiatu chake kimoja kikabaki pale.

Kwenye hema la huduma ya kwanza daktari alisema mtoto ana siku moja, na amenyweshwa dawa ya kumlaza. Alisema maji ya baridi ndiyo yaliyomshtua. Kama angekaa kwenye lile gari, kwenye lile jua, muda mrefu zaidi, asingeamka. Aliyasema taratibu, kama anazungumzia hali ya hewa, nami nikatoka nje. Baadaye tumeambiwa amelazwa, anapumua vizuri, na atapona.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye benchi la hapa kituoni nikisubiri kuitwa. Aliingia msichana ambaye hajafika hata miaka ishirini, amevaa koti juu ya gauni la hospitali, anatembea ameshika tumbo. Walikuwa wanampitisha hapa kutia saini kabla ya kumpeleka kwa mwanawe. Alisimama mbele yangu.

"Ni wewe dereva?"

Nikasema ndiyo. Nilisubiri kofi. Hili nilistahili.

"Alilia sana njiani?"

"Hakulia kabisa, mwanangu."

Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Siku nzima nimekuwa nawaza analia na mimi sipo."

Aliushika mkono wangu akaubusu, akaniambia asante. Sikumwambia kwa nini hakulia. Mwambieni nyinyi, afande. Mimi siwezi.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Saini: C. Aldana Oliva

Mimi, Nereo Bustos, ofisa mpokea maelezo, nathibitisha kwamba nimemsomea shahidi maelezo haya na ameyakubali kuwa sahihi. Ombi lake la mwisho nimelipokea. Hadi naandika haya, saa moja na nusu usiku, hakuna ofisa wa zamu aliyejitolea kulitekeleza.