Koki Kubwa Ilibaki Upande Wako

Mpendwa Dada Kusum,

Ningeanza na shikamoo, lakini najua ungecheka na kusema miaka tuliyopishana haitoshi hata kuchemshia chai. Basi nianze na habari mbaya, maana ndiyo iliyopo. Bomba la jikoni kwetu liliharibika, na hakukuwa na mtu wa kutufungia maji.

Wewe huhitaji kuelezwa, ila naeleza, labda barua hii itasomwa na mwingine kabla yako. Baba yako alipoigawa nyumba kwa ukuta wa tofali za udongo ili nusu atupangishe sisi, hakugawa mabomba wala nyaya. Koki kubwa ya maji ilibaki jikoni kwenu. Swichi kubwa ya umeme ikabaki ukumbini kwetu. Sisi tukitaka kubadilisha wosha, ile pete ya mpira ndani ya bomba, lazima ninyi mfunge. Ninyi mkitaka kufungua soketi, lazima sisi tuzime. Watu wazima walichoka kuitana, kazi ikawa yako na yangu.

Unanijua mimi, sauti yangu haifiki mlangoni. Darasani mwalimu akiuliza kwa Kiingereza jibu ninalo, akiuliza kwa Kiswahili ninalo, na mara zote mbili nakaa kimya. Kwa hiyo siku ya kwanza niligonga ukuta kwa kijiko.

"Nani huyo? Panya?" ukauliza kutoka upande wa pili.

"Mimi."

"Mimi nani? Sisikii."

"Funga maji!"

"Kumbe panya anasema! Sema tena!"

Nikapiga kelele mpaka Bibi akatoka chumbani kuuliza nani ameungua.

Unakumbuka ile siku ulifunga bila kuuliza, Bibi yuko bafuni? "Nani kafunga maji? Nina sabuni mpaka masikioni!" Na wewe, bila aibu: "Pole Bibi, vumilia kidogo, wosha inakatwa!" Wosha yenyewe ulikuwa unaikata kwenye soli ya kandambili ya baba yako, naye anaitafuta nyumba nzima. Bibi alikutukana kwa Kinyaturu, kisha jioni akakupelekea karanga za kuchemsha.

Zamu yangu ilikuwa umeme. Mama yako akichomeka pasi wakati jiko la umeme linawaka, fyuzi inakatika, nyumba nzima giza. Nazima swichi kubwa, navuta fyuzi, navingirisha waya mpya. Na sauti yako juu ya ukuta, kwenye ule upenyo wa kiganja kimoja chini ya bati, hainyamazi.

"Umefuta mikono?"

"Nimefuta."

"Futa tena."

Nilikuwa nafuta tena, Dada. Mikono ilikuwa mikavu, lakini nilifuta, kwa sababu nilipenda kuambiwa.

Nyumba za kupangisha zilipochukuliwa na serikali, baba yangu alisema ni haki, nyumba ni za wananchi. Kisha akaenda kumsaidia baba yako kufunga masanduku. Sijui niliweke vipi jambo hilo kichwani, mpaka leo yote mawili nayaona ni kweli. Mlipoondoka, kufuli la ofisi ya nyumba za serikali likatiwa kwenye mlango wenu.

Mlisahau kuzima taa ya ukumbini kwenu. Ilikuwa inaonekana usiku pale chini ya bati. Bibi akaniambia nikate upande wenu, fyuzi ya taa zenu si ninayo. Sikukata. Nilikuwa nalala naitazama, mpaka globu ikaungua yenyewe. Kuibadilisha sikuweza, iko kwenu.

Bomba likaanza kuvuja baada ya hapo. Kwanza tone, halafu uzi, halafu mchirizi unaoshuka mpaka chini ya ukuta. Baba akasema atabadilisha wosha maji yakiwa yanatoka, mradi afanye haraka. Alipofungua kwa spana, kichwa cha bomba kikaruka, maji yakampiga kifuani. Na mimi, bila kufikiri, nikapaza sauti yote niliyonayo:

"Dada Kusum, funga!"

Baba aligeuka akaniangalia, maji yanamtiririka usoni. Aliziba kwa gunzi la mahindi na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Tangu siku hiyo sijapaza sauti popote, hata jina langu likiitwa darasani nanyoosha mkono tu. Mwalimu anadhani naumwa.

Gunzi lilipunguza tu. Tukaenda ofisini, Baba na mimi.

"Nyumba hiyo bado haijapangiwa mtu, ndugu," karani akasema.

"Sitaki nyumba. Nataka ufunguo, dakika tano tu."

"Ufunguo anapewa aliyepangiwa."

"Na maji?"

"Kuhusu maji, andikeni barua."

Niliandika kwa Kiswahili. Baadaye nikaandika kwa Kiingereza, nikidhani mkubwa wao labda anapenda hicho. Zote mbili zilipokelewa vizuri. Jirani alimshauri Baba atoboe tundu ukutani aifikie koki. Baba akakataa. "Ukuta huu sasa ni wa serikali. Nikiutoboa, nimevunja ofisi."

Ukuta ukatoboka wenyewe. Tulikuwa tunakunywa uji asubuhi, tukasikia kama mtu ameshusha gunia. Hakuna aliyeumia. Nilipita kwenye matope nikaingia jikoni kwenu, nikaifunga koki kwa mikono yangu. Rafu ya vyombo ya mama yako haikuwepo, imebaki alama nyeupe tu ukutani. Siku nyingi nilikuwa nimewaza kwamba maji yakikoma nitafurahi. Yalikoma, nikakaa chini kwenye sakafu yenu.

Ofisi ilikuja kesho yake, haraka kuliko tulivyoizoea. Wakatazama wakasema afadhali, nyumba irudi kuwa moja kama ilivyojengwa, apewe afisa mwenye familia kubwa. Sisi tupishe. Baba amepata vyumba viwili Mandewa, maji ya kisima, taa ya chemli. Bibi hataki. Anakwenda kwa kaka yake kwenye kijiji cha ujamaa, anasema huko angalau hakuna cha kufunga wala kufungua.

Ulisema ukifika utaandika. Lakini sanduku la posta lilikuwa lenu, barua zetu zote zilipitia humo, na ufunguo wake hatuna. Kama uliandika, barua yako imelala mle, hatua chache kutoka ninapopita kila siku kwenda shule. Kama hukuandika, sitajua pia. Nimeshindwa kuamua lipi ni baya zaidi.

Ukija Singida siku moja, Dada, usigonge mlango wetu. Atakufungulia mtu asiyenijua, utamwuliza habari zangu, naye atakwambia hapa hajawahi kuishi mtu wa namna hiyo. Nakuaga kwa maandishi, kwa kuwa siku ile mbele ya gari lenu midomo ilifunguka na hakuna kilichotoka.

Mdogo wako wa upande wa pili