Kuku Asiyekuwemo Katika Filamu

Jumanne. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ndogondogo ya Bukavu isiyojua kuchoka, na ziwa halionekani kabisa. Paa la darasa langu linavuja, kwa hiyo nimewarudisha watoto nyumbani mapema. Nina muda wa kuandika. Moyo wa kuandika sina.

Nianze na lililo rahisi. Mtu akiniuliza filamu gani ya vipindi inafaa kuangaliwa, hizi tunazoziita feuilleton, nitamjibu bila kuwaza: ile ya fundi saa. Nyingine zote tulizoonyeshwa ni takataka. Ile ya daktari ni wanaume wazuri wanaofungua milango na kuifunga. Ile ya polisi, muuaji unamjua kabla hajavua kofia. Ile ya Kinshasa inachekesha, sikatai, lakini kila kipindi mtu analogwa, na mchawi ni mama mkwe. Ukiona moja umeziona zote.

Ya fundi saa ni kitu kingine. Mume ana duka la saa, mke anaitwa Odile, na kwa muda mrefu hakuna linalotokea isipokuwa mume anachelewa kidogo kurudi nyumbani, kisha anachelewa kidogo zaidi. Odile halii. Anapanga meza. Nikimwangalia Odile akipanga meza nasahau kupumua.

Naipenda sana filamu hiyo. Ndiyo iliyoniponza.

Tunaiangalia kwa Maman Faida, hapa Nyawera. Mume wake ananunua kahawa. Yeye ndiye aliyeleta televisheni na video kutoka Bujumbura, na mdogo wake aliye Ubelgiji anamtumia kaseti. Kila Jumapili baada ya misa akina mama wa avenue yetu wanaacha viatu mlangoni, wanakaa kwenye mikeka na kungoja. Wengi hawasikii Kifaransa. Maman Faida alisoma kwa masista, kwa hiyo anakaa karibu na televisheni na kututafsiria. Akitaka kuangalia chungu chake jikoni anasimamisha picha, na hakuna anayethubutu kukohoa mpaka arudi. Anapenda tumngoje. Nafikiri hicho ndicho kipindi chake yeye.

Mimi nafundisha Kifaransa. Makosa yake nilikuwa nayasikia na kunyamaza. Nyumba ni yake.

Nabintu ni jirani yetu, mshonaji wa nguo. Mume wake alikwenda Luhwindja kuchimba dhahabu, akapata dhahabu kidogo na mwanamke mwingine. Sisi wote tunajua, na sisi wote tunasema bwana yake yuko kazini. Naye anaupokea uongo huo kama zawadi. Anavaa vizuri, anasalimia kila mtu, anakaa nyuma karibu na mlango. Aliyekuwa akimweleza mambo yake ni mtu mmoja tu, Maman Faida. Walikuwa wakichambua maharage pamoja nyuma ya nyumba, vichwa vimekaribiana.

Siku hizi za mwisho tafsiri ilianza kuota vitu visivyokuwemo. Odile akisema supu imepoa, Maman Faida anatuambia eti Odile ananusa shati la zamani la bwana yake kabla ya kulala. Akina mama wanacheka. Odile akimwandikia dada yake barua, Maman Faida anasema amepeleka nywele za mume kwa mganga. Wanacheka tena. Niliona ni uvivu, mtu amechoka kutafsiri akaanza kutia chumvi. Nilikasirika kama unavyomkasirikia mtu anayeimba vibaya wimbo unaoupenda.

Sikugeuka kumtazama Nabintu hata mara moja. Kwa nini ningegeuka?

Juzi Jumapili kilikuwa kipindi kikubwa. Kituo cha gari la moshi, theluji inaanguka. Mume amebeba sanduku, anaondoka na yule mwanamke wake. Odile anamfikia, anasimama mbele yake, ananyoosha mkono na kusema kwa sauti ndogo: nirudishie ufunguo wa nyumba. Basi. Hakuna zaidi. Ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye televisheni. Niliona baridi mwilini, mimi ambaye theluji sijawahi kuiona.

Maman Faida akatafsiri. Akasema Odile anamwambia mumewe hivi: nilikupikia kuku, nikasafiri naye siku nzima, nikapiga magoti mbele ya mwanamke wako, nikamwambia nitamfulia nguo zake ili mradi aniache nilale jikoni. Na wewe ukala kuku ukamaliza, ukaniambia nirudi kwangu kabla ya mvua.

Walicheka mpaka mwingine akajilaza kwenye mkeka. Mzungu kupiga magoti na kuku mkononi!

Sikuvumilia. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Hapana, maman. Hakuna kuku mu hii filme. Hapigi magoti. Anaomba ufunguo tu."

Niliamini namtetea Odile.

Kicheko kikakatika. Maman Sifa, anayeuza unga wa muhogo, mtu asiye na ubaya hata kidogo, akauliza kwa kutaka kujua tu, "Basi ile kuku inatoka wapi?"

Maman Faida hakukasirika, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Alisimamisha picha, Odile akabaki na mkono wake umenyooshwa. Kisha akageuza kichwa polepole mpaka kule nyuma, karibu na mlango, akayaacha macho yake pale. Alikuwa anatabasamu. Muda wote huo alikuwa akimchoma rafiki yake mbele yetu, bila sisi kujua, na mimi nilikuwa nimemrahisishia kazi.

Tukageuka wote. Nabintu alikuwa ameshika pindo la kikwembe chake kwa mikono miwili. Mmoja wetu akakumbuka, kwa sauti, kwamba wakati wa Pasaka alimwona kwenye lori la Mwenga, lile linalopita Luhwindja, amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

Hakuna aliyehitaji tafsiri tena.

Nabintu alisimama, akatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu, akakosea kimoja, akakirudisha, akapata chake. Kicheko kilianzia upande wa dirisha, kidogo, kisha kikaenea. Alikuwa bado anafunga mkanda wa kiatu.

Jana nilikwenda kwake. Cherehani ilikuwa wazi na hakuna kitambaa juu yake. Aliniambia tangu asubuhi wanawake wanapita kuulizia bei ya kushona, hawana nguo yoyote mkononi, wanamtazama magoti na kwenda zao. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia nilitaka tu maneno ya Odile yasemwe sawasawa. Nilisikia jinsi yanavyosikika, nikaendelea kuyasema.

Nabintu akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwalimu, Maman Faida alikuwa ananichoma, lakini ule moto tulikuwa tunauona siye wawili tu. Weye njo uliita batu."

Mimi ndiye niliyeita watu. Akasema anajua kwamba sikujua, ndiyo maana hajanifukuza. Akaniomba kitu kimoja, nisiende tena kule Jumapili. Nikamwahidi. Hata mkono nilimpa.

Nilipotoka, Maman Faida alikuwa amesimama kwenye ukuta wake, ananingoja. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Akaniambia akina mama wote wanaomba mimi nitafsiri kipindi cha mwisho. "Weye njo uko na Kifaransa ya kweli," akasema, akanishika bega kwa upole kabisa. Akaniambia pia kaseti ikiisha itarudi Ubelgiji, haitaonekana tena hapa.

Nilimwambia nitaona.

Leo mchana, mvua inanyesha, nimewasha makaa nikapiga pasi nguo. Nilianza na za shule. Nilipofika kwenye kikwembe cha Jumapili nilikimwagia maji kidogo, nikakinyoosha taratibu, upande mmoja, upande wa pili, pindo. Nikakitundika mlangoni.

Nilimpa mkono, na nitaenda. Kinachonisumbua tangu nitundike nguo hii ni jinsi ya kutafsiri vizuri maneno ya mwisho ya Odile.