Sekunde Tatu za Fainali

Baraka, tarehe 22 Juni

Kwako Yaya Albert, kaka yangu,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Huku tunaendelea kuamka kwa neema ya Mungu. Mguu wa Mama umepungua kuvimba, na Jumapili alitembea mwenyewe mpaka kanisani bila kushikwa mkono. Mihogo yetu ya Mboko tumeng'oa nusu, nusu nyingine inangoja. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Je, ninyi huko Kalemie hamjambo? Kifua cha mke wako Émilienne kimepona? Na Merveille ameizoea shule yake mpya?

Ujumbe wako wa simu niliupata, Yaya, ule uliouliza jambo moja tu: ni kweli Semutobo aliuza fainali? Sikujibu, na najua ulikasirika. Usinihesabie dharau. Siku hizi Baraka ujumbe hausomwi na mtu mmoja. Unaandika asubuhi, mchana unausikia sokoni ukisomwa kwa sauti na mtu usiyemjua. Ndiyo maana nimechukua kalamu, nimeifunga bahasha kwa gundi, nimempa Mama Chérie mkononi, yeye anayepanda boti kesho. Hata yeye nimemwambia ni habari za mihogo.

Nianze na mchezo wenyewe. Unajua kwamba tangu niingie kazini katika sekretarieti ya chuo chetu, timu yetu ya basketi, Mikebuka, haijawahi kuifunga timu ya chuo cha Fizi. Mwaka huu tulifika nao fainali, hapa hapa kwetu, kwenye uwanja wa saruji. Waamuzi walipaswa kuwa wawili, lakini mmoja alikwama Swima, mvua ilikuwa imekata barabara. Semutobo akapuliza peke yake. Anayeshika chrono, saa ya mchezo, naye alikuwa na homa, wakaniita mimi, kwa kuwa watu wote wanajua dada yake Albert amefundishwa sheria na kaka yake. Nikaketi mezani na Divine, yule mwenzangu wa ofisini, yeye akiandika alama kwenye karatasi. Mbele yangu kulikuwa na chrono na honi ya pikipiki iliyofungwa kwenye betri, ya kupigwa muda ukiisha.

Zikiwa zimebaki sekunde tatu, tulikuwa mbele, 49 kwa 48. Mchezaji wa Fizi akaruka kutupa mpira, Jérémie wetu akaruka naye, firimbi ikalia. Semutobo akasema Jérémie amempiga mkononi. Uwanja ulipiga kelele mpaka nikaziba masikio. Fizi wakapewa mitupo miwili huru, wakaingiza yote. 50 kwa 49. Jérémie akachukua mpira nyuma ya mstari, akaurusha mbali, Dieumerci akaudaka katikati ya uwanja, akadundisha, akampita mtu, akatupa. Mpira ukiwa hewani, honi ikalia. Ukaingia. Semutobo akatazama meza yetu, kisha akainua vidole viwili: kikapu halali. Tumeshinda 51 kwa 50.

Watu wetu walivamia uwanja kwa kuimba. Watu wa Fizi walibaki wamesimama kama waliopigwa na radi, halafu wakaanza kudai.

Tangu siku hiyo kinyozi Jacques hanyoi, anahukumu. Saluni yake imekuwa mahakama, na mimi, ambaye ofisi yetu inatazamana na mlango wake, nilisikia yote. Kwanza walibishania honi. Mtu wa Fizi alisema honi imelia kabla mpira haujaingia, kwa hiyo kikapu ni cha bure. Wetu wakamjibu kwamba sheria haiangalii kuingia, inaangalia kutoka mkononi. Hapo walikuwa na haki, ulinifundisha hivyo wewe mwenyewe. Mmoja akaleta video ya simu, lakini ilianza Dieumerci akiwa tayari na mpira, haikusaidia mtu.

Kisha Jacques, ambaye ni wetu lakini ana macho, akauliza kwa upole: "Mi nilihesabu. Dieumerci alidundisha mara ine, akageuka, akatupa. Mara ine mu sekonde tatu? Njo basket ao njo uchawi?"

Mimi ng'ambo ya barabara nikaacha kuandika.

Yaya, badala ya kuitafuta saa, walimtafuta mtu. Watu wa Fizi wakasema Semutobo amehongwa na chuo chetu, ndiyo maana alikubali kikapu. Watu wetu nao wakasema Semutobo alikuwa amehongwa na Fizi, ndiyo maana aliwapa mitupo miwili mwishoni, tukashinda kwa nguvu za Mungu tu. Jacques akauliza, basi alimuuzia nani? Wakamjibu karibu pamoja: "Bote! Ule iko mutu wa kule juu, weye unatumainia nini?" Watu waliokuwa tayari kushikana mashati wakawa wamepatana juu ya jambo hilo moja.

Unamjua Semutobo kuliko mimi. Mlijifunza firimbi pamoja kule Uvira, mkalala chumba kimoja. Ameshusha familia yake kutoka milimani, huko wanakokuita kule juu, miaka tisa sasa, anafundisha mazoezi ya mwili, watoto wake wanasoma na watoto wetu. Yote hayo yalisahauliwa kwa wiki moja. Mke wake Kabagwira huuza maziwa karibu na soko. Nilipita pale Jumatatu nikaona ndoo imejaa, Jumanne imejaa, Jumatano ameifunika kwa kitambaa na yeye amekaa ameelekeza uso ziwani. Alhamisi jiwe liliangukia bati la nyumba yao mchana kweupe, na majirani wote walisema hawakuona aliyelirusha.

Kamati ya michezo ya vyuo ikatuita. Wakamuuliza Semutobo kama aliona muda umekwisha. Akasema mwamuzi anatazama wachezaji, muda uko mezani, na yeye anaiamini meza. Wakanigeukia. Nikasema, mbele ya Mungu na mbele yao, kwamba nilibonyeza chrono pale Dieumerci alipougusa mpira, kama sheria inavyotaka. Divine alikuwa kando yangu. Hakunipinga, lakini nilihisi shingo yake inageuka kunitazama. Semutobo akaondolewa kwenye uamuzi mpaka uchunguzi uishe. Alisaini karatasi, akawaaga wote kwa mkono, mimi pia.

Kuanzia hapo sikupata raha. Divine akaacha kula nami mchana. Je, alijua? Akicheka na mtu kwenye korido, nilifikiri ananicheka. Mkurugenzi akifunga mlango wake, nilifikiri jina langu liko ndani. Siku moja nilimuuliza Divine kwa nini amenihama. Akasema amenihama kwa sababu meno yanamuuma na hawezi kutafuna mihogo. Sikumwamini. Mpaka leo sijui kama ni meno.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikwenda kwa Semutobo. Nilimkuta uani anakaza miguu ya kiti, Kabagwira anakoroga maziwa yaliyoganda. Alinimiminia kikombe bila kuniuliza nimefuata nini. "Kunywa tu, dada," alisema. "Hii hakuna mwenye anaitaka." Nikanywa. Kikombe kilipokwisha nikamwambia mume wake kwamba siku ya fainali nilichelewa kubonyeza chrono. Nikasema kelele zilinichanganya, nikasahau, mpira ulikuwa umeshadundishwa ndipo nikakumbuka.

Hakushtuka. Aliweka nyundo chini, akanijibu taratibu:

"Mi nilihesabu mu kichwa, Pulchérie. Moya, mbili, tatu, ine. Kwa tano njo mupira ilitoka mu mukono."

Nikamuuliza kwa nini basi hakukataa kikapu. Akasema alinitazama mezani, akaona mimi sisemi neno. Alinishuku, ndiyo, hakunificha. Lakini hesabu ya kichwa si saa, inaweza kukimbia, na uso wa mtu si ushahidi. "Arbitre hapulizake shaka," akasema kwa sauti ya mwamuzi. "Anapuliza kile aliona." Halafu akaniambia kusahau ni kwa binadamu, amenisamehe, nisilie mbele ya watoto wake. Kabagwira akanijazia dumu dogo la maziwa nimpelekee Mama.

Jumatatu asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye kamati, nikasema yote: nilichelewa, na kwao pia nilidanganya. Nilidhani nitapigiwa kelele. Haikuwa hivyo. Rais wa kamati akauliza nani amenituma. Nikasema dhamiri. Mwenzake akauliza kama ni kweli Ijumaa nilionekana nikitoka nyumbani kwa Semutobo na dumu la maziwa. Nikasema ni kweli. Wakatazamana. Yaya, niliposema uongo waliuandika bila swali hata moja. Niliposema kweli, walitaka kujua imenunuliwa kwa lita ngapi.

Mwishowe waliamua fainali irudiwe, chrono ishikwe na mtu kutoka Uvira, na Semutobo arudishiwe firimbi yake "kwa kukosekana ushahidi". Hawakuandika kwamba hana kosa. Mtu mmoja wa Fizi sasa ananunua tena maziwa kwa Kabagwira, na mke wa Jacques pia. Wengine bado wanazunguka ili wasipite kwake. Dieumerci hanisalimii, anasema nimemnyang'anya kikapu cha maisha yake. Jérémie peke yake alikuja ofisini. Alifunga mlango, akasema polepole kwamba kosa lile la mwisho ni la kweli: alimpiga yule wa Fizi kwenye mkono, hakugusa mpira hata kidogo, Semutobo aliona vizuri. Alisema alinyamaza kwa kuogopa wenzake.

Basi, hapa ndipo nilipotaka kufika, na ndipo nilipoogopa kufika. Umefundisha watu wengi, Yaya, na najua tayari umeanza kunitetea moyoni mwako: mtoto wetu alichanganywa na kelele. Usinitetee bado.

Sikusahau.

Semutobo alipopuliza lile kosa la Jérémie, mimi sikuliona vizuri, mgongo wa mtu ulinikinga. Lakini sikujiambia kwamba sikuona. Nilimtazama Semutobo akisimama pale na mpira chini ya kwapa, akingoja watu watulie, na neno lililokuja kichwani mwangu ni lile lile lililosemwa saluni siku tatu baadaye. Mtu wa kule juu. Wamemnunua. Mtu aliyekula mezani kwetu wakati ungali huku, ambaye Mama humwita mwanangu. Wakati Fizi wanatupa mitupo yao nilikuwa nimeshamhukumu. Mpira ulipoangukia mikononi mwa Dieumerci, kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na macho yangu yaliona. Nikangoja. Nilijiambia ninarudisha tulichoibiwa. Nikahesabu moja, mbili, ndipo nikabonyeza.

Kwa hiyo wale wa saluni si wa kwanza kumshuku Semutobo. Wa kwanza Baraka nzima ni mimi, wao walinifuata bila kujua. Yeye alikuwa na shaka juu yangu, akaiweka mfukoni kwa sababu hakuwa na hakika. Mimi nilikuwa na shaka juu yake, nikaifanya alama mbili ubaoni.

Jibu la swali lako ni hilo. Semutobo hakuuza kitu. Lakini nimechukua kwake msamaha usio wangu: amenisamehe kusahau, na mimi sikusahau. Jumamosi nitakwenda tena, mchana, watu wakiwa barabarani, wanione wanavyotaka kuniona. Nitamwambia nilichomfikiria. Hilo ndilo gumu, kuliko chrono. Sijui kama Kabagwira atanikaribisha ndani, na sitamlaumu akinifungia mlango. Nakuomba usimpigie simu kunitangulia. Acha asikie kwangu.

Mama hajui lolote, anadhani naandika kukuomba dawa ya mguu. Basi kweli itume, ile ya kupaka. Msalimie sana Émilienne, mwambie kitenge alichotuma kimemkaa Mama vizuri. Mbusu Merveille kichwani kwa niaba yangu. Bwana awalinde ninyi huko na sisi huku, atupe tena kuonana tukiwa na nyuso za kutazamana.

Ni mimi mdogo wako,
Pulchérie