Mvua ya Fundi Bashiri

Domitila mkwe wangu,

Nimekwenda Misa nikiwa na shati la mumeo. Langu lipo kambani, lachuruzika.

Huyo fundi Bashiri uliyemwajiri kumwagilia ukoka ameyatega mabomba yake yafunguke yenyewe alfajiri, wakati ninaposali uani. Maji yalichomoza ardhini yakanipiga usoni. Sikuinuka kitini hadi nilipotamka Amina. Mgogo hakimbii mvua.

~~Mfukuzeni leo hii.~~ Mwacheni. Ukoka umeanza kushika, na mjukuu wangu Josephine, bibi harusi wetu, hataagwa Jumamosi kwenye vumbi.

Mbuzi wafungwe. Wewe nawe usifagie hapo ukaung'oa ukoka, mazoea yatakuponza.

Bashiri akija, mpe uji kwanza. Kisha mwambie aihamishe mvua yake. Kiti changu hakihami.

Baba mkwe wako,
Anselmi